Etheni na bondi yake ya pili
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini etheni, yenye bondi (kiungo cha atomi) mbili kati ya kaboni zake, humenyuka na bromini hata gizani, ilhali ethani, yenye bondi moja, husubiri mwanga, na bondi mbili ni imara kuliko moja. Usizihesabu kama kamba mbili zinazolingana. Ya kwanza, sigma, imekaa katikati kabisa ya kaboni na kaboni. Ya pili, pai, elektroni zake zimetanda juu na chini ya molekuli, mbali kidogo na viini vya atomi, kwa hiyo hazijashikwa sana. Angalia nishati ya kuvunja bondi za kaboni kwa kaboni: bondi moja ni takriban kilojuli 347 kwa moli, bondi mbili ni takriban 614. Sio mara mbili! Pai inaongeza kama 267 tu, na ndiyo inayovunjika bromini ikija, sigma inabaki.

Pai hiyohiyo huizuia etheni kujizungusha, ndiyo maana ni bapa, pembe zikikaribia nyuzi 120. Ethani hujizungusha itakavyo.

Na etheni si ya kwenye daftari tu. Weka ndizi bogoya mbivu moja kwenye gunia la mbichi, ulifunge: gesi inayoziivisha ndiyo hii.