Baiskeli za mtumba kutoka Hamburg kwenda Ifakara: anzeni na tairi

Mleta mada yuko Hamburg. Yeye na wenzake wanakusanya baiskeli zilizotelekezwa kwenye maghorofa, wanataka kujaza kontena lije Ifakara kwao, na vijana wawili wa Kijerumani waje kufundisha ufundi. Anauliza waanzie wapi.

Mkuu, anzeni na tairi. Mimi ni fundi baiskeli, makontena ya namna hiyo nimeyafungua Morogoro na huko huko Kilombero, ilipo Ifakara. Baiskeli nyingi za msaada ninazozikuta zimeegeshwa nyuma ya nyumba fremu zake ni nzima kabisa. Tairi ilikwisha, na mwenyewe akazunguka maduka yote asipate ya kuivaa.

Iko hivi. Baiskeli za Phoenix na zile za Kihindi, zilizozoeleka huku, zinavaa tairi ya inchi 28 kwa 1½. Ya Kijerumani nayo imeandikwa 28, kwa hiyo mtu anapakia akijua ni saizi moja. Inama usome namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ya Phoenix itasomeka 40-635, ya Kijerumani mara nyingi 47-622 au inayofanana nayo. Namba ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Hizo milimita 13 ndizo zinazoua baiskeli: tairi ya 635 kwenye ringi ya 622 inapwaya, ukijaza upepo inachomoka, na ya 622 kwenye ringi ya Phoenix haiingii hata ukiivuta na spana mbili. Sasa zile za Kiholanzi za kizamani, nzito, usukani umekaa juu, nyingi ni 635. Mkizikuta chukueni zote. Mountain bike za inchi 26 zinazoishia 559 nazo hazina shida, tairi zake zipo. Za mashindano zenye tairi nyembamba ziuzeni huko huko, hela mnunulie vipuri.

Breki ya kukanyaga kinyumenyume, ambayo Wajerumani wanayo sana, ni nzuri mno kwa matope ya Kilombero, haina waya wala raba za kubadilisha kila mara. Breki za mafuta msilete. Fremu ya chuma ni bora kuliko ya alumini kwa sababu ikipasuka fundi wa kuchomelea wa hapo sokoni anaiunga, alumini anairudisha. Na keria: soma ile ya Kijerumani, mara nyingi imegongwa chapa ya kilo 25. Mtu wa Ifakara anapakia gunia la mpunga. Tengeni hela ya keria za nondo, zichomelewe hapa hapa. Shirika la misaada ya baiskeli la World Bicycle Relief, walioanza 2005, baiskeli yao ya Buffalo wameitengenezea keria ya kubeba kilo 100, na vipuri vyake vinaendana na vya madukani. Hawakuamua hivyo kwa bahati.

Kuhusu hao vijana wa kufundisha, nitasema ukweli na mtanisamehe. Ifakara ni mji wa baiskeli. Fundi wa pale ananyoosha ringi kwa kuitazama tu ikizunguka, anaziba pancha huku anapiga soga. Asichonacho ni vifaa. Phoenix mkono wa pedeli umeshikwa na kotapini, yaani pini ya chuma, unaigonga inatoka. Ya Ulaya inataka kifaa chake cha kuvutia, na bila hicho ni nyundo, na nyundo inaharibu ekseli pamoja na gololi zake. Kwa hiyo nauli ya kijana mmoja igeuzeni kuwa seti za vifaa: cha kutolea mkono wa pedeli, cha kufungulia gia za nyuma, cha kukatia cheni, na funguo za pembe sita. Huyo mwingine akija, akae na mafundi waliopo siku chache awaonyeshe gia, basi.

Msigawe bure. Ghana kuna mradi wa Village Bicycle Project: mtu anahudhuria mafunzo ya siku moja ya kutunza baiskeli, kisha anauziwa kwa nusu bei. Ya bure inaishia kwa mpwa wa mwenyekiti, tunajuana. Namibia, shirika la baiskeli la BEN Namibia walikuwa wanaliacha kontena lenyewe libaki kuwa karakana, nalo ni wazo la kuiga kama mna kiwanja.

Kupakia: ng'oeni pedeli, lazeni usukani, kateni kufuli zisizo na funguo (kuna siku nilishinda na msumeno). Kontena la futi 40 hubeba mia nne na zaidi. Habari ya ushuru ongeeni na wakala wa forodha Dar kabla meli haijaondoka, maana neno "msaada" peke yake halifuti ushuru, na bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku.

Piga picha za namba za tairi mlizonazo uziweke hapa. Jumamosi nitapita madukani nikwambie zipi zinapatikana.