Kioo cheusi, feni inaunguruma: maswali yenu ya grafiksi kwenye Linux

Shikamoo fundi. Nipo Ngaramtoni. Nimenunua laptopu ya mtumba yenye kadi ya grafiksi ya NVIDIA, nikapiga Linux ya Ubuntu 24.04 kwa flashi. Sasa nikiwasha, nembo inatokea kidogo kisha kioo kinakuwa cheusi tii. Muuzaji anasema kadi imekufa, niongeze hela anibadilishie.

Marahaba. Hela kaa nayo kwanza. Ninachoshuku ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi. Ubuntu ikikutana na NVIDIA huanza na nouveau, draiva huria iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) mwaka 2010. Walioiandika walilazimika kuichunguza kadi kwa nje, kwa sababu kampuni haikuwapa maelezo ya kutosha, kwa hiyo kuna kadi inazoelewana nazo na nyingine inagoma.

Zima, washa, gongagonga Esc hadi itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha (kwenye mashine za zamani shikilia Shift). Simama kwenye mstari wa Ubuntu, bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`. Mwishoni utaona `quiet splash`. Acha nafasi moja, andika `nomodeset`, kisha F10. Neno hilo linaiambia kerneli isiguse mipangilio ya kioo, itumie picha ya kawaida tu. Utaingia, ingawa maandishi yatakuwa makubwa na mabaya.

Ukishaingia, chomeka simu kwa waya na uruhusu intaneti ipite kwenye USB. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri:

`sudo ubuntu-drivers install`

Andaa bando, maana inaweza kushusha MB mia kadhaa. Ikimaliza, washa upya. Na tafadhali, usiende kushusha draiva kwenye tovuti ya NVIDIA kama ulivyozoea kwenye Windows. Mimi nilifanya hivyo zamani. Ilikaa vizuri wiki mbili, kerneli ikasasishwa, nikaamka asubuhi sina kioo na nina kazi ya mteja ya saa nne.

Mambo kaka, hapa Majengo, Moshi. Yangu ina Intel tupu. Jamaa alinitatulia kioo cheusi mwaka jana, lakini tangu hapo video zinakwamakwama na feni inaunguruma kama mashine ya kusaga. Nishushe draiva gani?

Poa. Hakuna ya kushusha. Draiva ya Intel imo ndani ya kerneli na mwenzake Mesa, programu za kuchora picha, huja na mfumo, AMD vilevile. Sakinisha `mesa-utils`, kisha andika `glxinfo | grep renderer`. Ukiona `llvmpipe`, kadi yako imekaa bure na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Ndiyo hiyo feni.

Nadhani jamaa yako aliliacha lile neno `nomodeset` moja kwa moja. Ni gongo la kutembelea siku mguu umeteguka. Yeye amekufunga nalo mwaka mzima. Fungua `/etc/default/grub`, lifute, toka, andika `sudo update-grub`, washa upya.

Mimi ni mwanafunzi, nakaa Njiro. Draiva ya NVIDIA nimeiweka, lakini `nvidia-smi`, amri ya kuikagua kadi, inasema imeshindwa kuwasiliana nayo. Nilipowasha upya ulikuja ukurasa wa bluu wenye Kiingereza kingi, nikauacha ukapita. Na betri inaisha haraka.

Dada, ulipoachia ni hapo. Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, inakataa draiva isiyo na saini inayoitambua, na ukurasa ule ulikuwa unakuomba uikubali saini hiyo. Hukaa sekunde kumi tu. Uite tena:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Utatunga nenosiri. Liandike kwenye karatasi, kwa sababu kioo kile hakionyeshi unachoandika. Washa upya, bonyeza kitufe chochote haraka, chagua Enroll MOK (yaani sajili saini), Continue, Yes, andika nenosiri, basi. Wengine watakwambia uzime Secure Boot kabisa. Inafanya kazi, lakini mlango wenye ufunguo hauna haja ya kung'olewa.

Na betri kuisha haraka uliyoitaja: siku huna kazi nzito, `sudo prime-select intel`, washa upya, kadi kubwa ilale.

Fundi, nataka kumnunulia kijana wangu laptopu ya mtumba hapo Arusha, atumie Linux chuoni. Ninunue yenye kadi kubwa?

Mama, kama hachezi magemu wala hafanyi kazi za 3D, chukua yenye Intel au AMD peke yake. Kadi za NVIDIA za miaka ya 2012 na 2013 ziepuke, draiva zake kampuni imeshaacha kuzihudumia, hata muuzaji akiisifia "ina grafiksi" mara tatu. Kijana aende na flashi yenye Ubuntu, aiwashe dukani bila kusakinisha, aandike `lspci | grep -E "VGA|3D"`. Ikitoka mistari miwili, kadi ni mbili. Halafu acheze video kioo kizima, afunge mfuniko, aufungue tena. Kioo kisiporudi, mrudishieni mwenye duka laptopu yake.