Chumvi, Chokaa na Kivuli: Kwa Wasanifu Wanaoanza Kazi Bagamoyo

Vijana wa usanifu majengo wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo hufika na kompyuta nzuri na michoro ya kuvutia, na karibu wote huamini kwamba nyumba endelevu ni ile yenye paneli za sola juu ya paa na tangi la maji ya mvua ubavuni. Sina ugomvi na sola wala na tangi. Hata hivyo siku ya kwanza huwaomba waiache kompyuta ofisini, tukatembee Mtaa wa India baada ya adhuhuri, waweke viganja vyao kwenye kuta za zamani na kunieleza wanahisi nini. Somo linaanzia pale, kwa sababu nyumba ya pwani huliwa taratibu na unyevu na chumvi, na nyumba inayobomolewa baada ya miaka 15 haiwezi kuitwa endelevu hata ikiwa na sola kumi.

Jambo hili nililijifunza kwa aibu. Nilipokuwa mgeni katika kazi nilisimamia ukarabati wa nyumba ya mawe ya bibi mmoja aliyetaka kuhamia kabla ya Ramadhani. Plasta ya zamani ya chokaa ilikuwa imechakaa, nami kwa haraka nikaagiza ibanduliwe, ukuta upigwe plasta ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta. Ukuta ulinyooka, bibi akafurahi, nami nikapiga picha. Baada ya masika mbili nikaitwa. Kuanzia usawa wa magoti hadi kiunoni rangi ilikuwa imefura mapovu, na nilipogonga plasta kwa kifundo cha kidole ikatoa mlio wa kitu kitupu. Mzee mwashi niliyekwenda naye alibandua kipande kwa ncha ya mwiko, akachota unga mweupe uliokuwa nyuma yake, akaulamba, kisha akanipa na mimi. “Onja, mwanangu. Umeifungia chumvi ndani.”

Maelezo yake kitaalamu si magumu. Kuta za nyumba kama ile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yenye vinyweleo vingi, na nyumba hizo za kale hazikuwekewa tabaka la kuzuia maji kwenye msingi, kwa hiyo unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta mwaka mzima ukiwa umebeba chumvi. Chokaa ina vinyweleo pia, hivyo huruhusu maji yale yatoke kama mvuke. Chumvi ikijikusanya, inaharibu plasta, ambayo ni rahisi kubadilisha, na jiwe linabaki salama. Plasta nzito ya saruji na rangi ya mafuta huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi inapoganda kuwa fuwele nyuma ya plasta huisukuma hadi ibanduke, mara nyingi pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Tuliibandua kazi yangu yote na kurudisha chokaa iliyozimwa na kuachwa chini ya maji kwa wiki kadhaa, tukaipaka kwa matabaka membamba na kuifunika kwa magunia mabichi, kwa maana chokaa hukomaa polepole kwa kufyonza kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na ikikaushwa na jua kwa pupa hubaki unga.

Msielewe kwamba nawashauri mjenge kama wazee wa Kaole, ule mji wa kale wa mawe karibu na Bagamoyo. Matumbawe ni makazi ya samaki na kinga ya ufukwe, na mikoko iliyotoa boriti za dari, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba vile vyembamba, leo haikatwi bila kibali. Anayeiga mwonekano wa nyumba za kale kwa kuharibu bahari ameiga lisilofaa. Kilicho cha kuiga ni hesabu yao: kila tabaka la nyumba lilijua maji yatapita wapi.

Saruji nayo si adui, ila ni ghali kuliko bei ya mfuko inavyoonyesha, kwani tanuri lake hufikia takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi na jiwe la chokaa linapochomwa hutoa kaboni dayoksaidi nyingi. Ipelekeni panapoihitaji kweli, yaani kwenye msingi, nguzo na lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha. Kwa kuta za kawaida fikirieni tofali za udongo za kufungamana, ambazo hushindiliwa kwa mashine zikiwa na saruji kidogo na hazichomwi kwa kuni. Lakini pimeni udongo kwanza. Jazeni udongo uliolowa katika kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, uacheni ukauke, kisha pimeni umesinyaa kiasi gani. Udongo unaosinyaa sana una mfinyanzi mwingi na tofali zake zitapasuka, hata muuzaji aape vipi.

Kuhusu mchanga sitakuwa na maneno mengi. Mchanga wa ufukweni haufai kwenye zege lenye nondo. Chumvi huamsha kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kutokea ndani. Karibu na bahari nondo zifunikwe kwa zege la sentimita 4 hadi 5, zikishikiliwa na spesa, yaani vishikizo maalumu vya kuziweka nondo mahali pake, wala si vipande vya kokoto vilivyookotwa dakika ya mwisho.

Kisha kuna jua. Bagamoyo iko kidogo zaidi ya nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini na ya Desemba liko kusini. Upenu wa paa uliotokeza sentimita 90 hutia kivuli cha takriban mita 1.5 kwenye ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na karibu mara mbili ya hapo kwenye ukuta wa kusini mwezi Desemba. Jua la asubuhi na la alasiri halizuiliki kwa njia hiyo kwa sababu huja chini chini, ndiyo maana kuta fupi ndizo zielekee mashariki na magharibi. Kiwanja kikikataa, na vya kwetu hukataa mara nyingi kwa kuwa vilipimwa kufuata barabara, upande wa magharibi wekeni stoo, bafu na mti.

Upepo wa kaskazi na wa kusi hubadilishana pande, basi kila chumba kipate matundu pande mbili. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu. Mteja atalitaka kwa sababu jirani analo, nanyi mwambieni amelipia dirisha zima.

Mnapokabidhi nyumba, andikeni ukurasa mmoja wa matunzo kwa Kiswahili chepesi na mkae na mwenye nyumba kuusoma pamoja: mifereji isafishwe kabla ya masika, udongo wa bustani usiegemee ukuta, chokaa irudiwe inapochakaa. Yule bibi hupaka yake kila inapokaribia Idi, na mwaka jana alinituma nimletee ndoo mbili.