Wadogo zangu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), mzoeeni mwalimu wa kemia mapema

Jumanne nilikuwa maabara hapa Kigoma nikipokea bureti, zile mirija ya kupimia asidi, za kidato cha tano. Madaftari manne ya benchi moja, na yote yana ujazo uleule wa asidi, 25.00, 25.00, 25.00. Moyo uliniuma, kwa sababu namba hiyohiyo niliwahi kuiandika mimi.

1. Nenda ofisini kwake wiki ya kwanza, ukiwa na swali ulilokwama katikati. Daftari tupu halimwonyeshi akushike wapi.

2. Usimpikie data. Ilikuwa taitresheni yangu ya pili, kudondosha asidi hadi rangi ibadilike: sodiamu kaboneti 0.05 M kwenye flaski, HCl kwenye bureti, matone mawili ya MO (methyl orange), ambayo huanza njano na unatakiwa usimame ikiwa chungwa. Raundi ya majaribio niliachia koki, njano ikaruka moja kwa moja hadi nyekundu. Nikarudia, ikapita tena. Muda unakwisha, na kumwita mwalimu naogopa, maana tangu niripoti hatukuwa tumezungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Kwenye desa, yaani notsi za zamani, la kaka wa kidato cha sita kulikuwa na 25.00. Nikajaza jedwali lote, na wastani nikaupigia mstari.

Mwalimu alilisoma kimya, akafungua daftari lake. Kumbe kila prakto huifanya mwenyewe kwanza, alfajiri, kabla ya paredi. Safari hii asidi alikuwa ameichanganya kali zaidi, 0.125 M, kwa hiyo yeye alipata 20.00. Hakunichapa, hakunitaja mbele ya wenzangu. Aliuliza tu, "Uliona rangi gani?" Sikuwa na la kusema.

Kosa kubwa zaidi lilifuata. Nilimkwepa. Nikimwona anakuja njia ya bwaloni, nageuza kupitia nyuma ya mabweni. Muhula mzima sikunyoosha mkono kwenye kipindi chake, na mtihani wa kufunga ukanipa S, daraja la juu kidogo tu ya kufeli. Lile 22.60 nililolisoma kweli rangi ilipopitiliza, nikalificha, lingemwambia kila kitu kuhusu mkono wangu kwenye koki, na angeurekebisha kwa dakika tano. Nyinyi wanne wa Jumanne, nendeni leo, kabla ya prepo. Msingoje aanze yeye.

3. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Akikufokea hapo, anayaokoa macho yako.

4. Mwangalieni akiwa nje ya ubao. Muhula wa pili, Jumamosi ya ruhusa, nilikutana naye soko la Mwanga akinunua mawese. Pa kugeuzia hapakuwepo. Akaniita kwa jina langu, akanipa dumu nibebe hadi kwake. Nyuma ya nyumba alikuwa na sufuria kubwa ya sabuni, mawese na kostiki (magadi makali ya sabuni), mkewe anakoroga. Saponifikesheni, mafuta kugeuka sabuni, niliyoikariri kwenye madesa ilikuwa pale, inanuka, inaunguza vidole. Akachota kidogo kwenye kijiko, akadondosha POP (fenolftaleini), inayogeuka waridi penye kostiki.

"Unaona rangi gani?"

"Waridi, mwalimu. Imekolea."

"Basi kostiki bado imezidi." Akaongeza mawese, akanikabidhi mwiko.

Nilikoroga kitambo kirefu kabla sijapata sauti. "Siku ile niliona nyekundu, mwalimu. Mara mbili. Rangi ya chungwa sikuiona kabisa."

Akaniambia Jumatatu niwahi maabara, kabla ya paredi.