Maswali yenu: kuna aina ya viazi isiyoshikwa na minyoo fundo (wale wadogo wa udongoni wanaotia mizizi mafundo)?

Mbegu zangu zilikuja na lebo "sugu kwa nematodi", nimevuna viazi vimejaa vipele. Nimepigwa?

Inawezekana, ila si lazima. Nematodi, yaani minyoo wadogo sana wanaoishi udongoni, wako wa aina nyingi sana na lebo za viazi mara nyingi zinamsema mwingine kabisa, yule wa Globodera anayeacha vifuko vidogo vya duara kama vichwa vya pini kwenye mizizi. Chukua aina ya viazi ya Maris Piper, imetoka 1966 na sifa yake kubwa ni jeni (chembe ya urithi) ya H1 inayomzuia Globodera rostochiensis, sasa hata ndugu yake wa damu, Globodera pallida, hazuiliki na jeni hiyo, sembuse minyoo fundo ambao ni ukoo mwingine, Meloidogyne. Kwa hiyo ukiona neno "sugu" uliza sugu kwa nani, muuzaji akishindwa kukutajia jina la mnyoo basi hiyo lebo haikuambii kitu.

Sawa, nitajie basi aina moja isiyoshikwa.

Sina. Aina karibu zote zilizoko sokoni zinashikwa, zinazidiana tu kiasi, na Russet Burbank yenye jina kubwa ndo mojawapo ya zinazoumia vibaya. Ukinzani wa kweli ulipatikana kwenye kiazi pori cha Mexico, Solanum bulbocastanum, kina jeni ya kumzuia Meloidogyne chitwoodi, mmoja wa minyoo fundo, shida ni kwamba hakikubali kuzaa na viazi vyetu kirahisi mpaka watafiti wakaamua kuunganisha seli za viazi hivyo viwili maabara afu ndo waanze kuchavusha kizazi baada ya kizazi, na ni kazi ya miaka mingi.

Halafu tusichanganye mambo mawili hapa, maana naona watu wanachanganya kila siku. Kuna aina inayokataa mnyoo asizaliane ndani yake, na kuna inayovumilia tu, yaani mnyoo anazaliana vizuri kabisa ila we bado unavuna. Hiyo ya pili inakufurahisha msimu huu huku inakufugia minyoo kwenye udongo, jike mmoja anataga mayai mia kadhaa, atakayelipa ni zao linalofuata.

Nitajuaje kama ni minyoo na si ukurutu wa kawaida?

Shika kisu. Ukurutu ni gamba kavu linalokwaruza, uko juu ya ganda. Minyoo fundo wanainua ngozi ya kiazi kama chunusi, ukimenya taratibu utakuta vitone vya kahawia chini kidogo tu ya ganda, kwa kawaida havizidi milimita 5 au 6 kwenda ndani. Kila kitone kina jike, ukiwa na lenzi nzuri utamwona mweupe ana umbo la pea. Ila kuna viazi vinatoka laini kabisa kwa nje na vitone vimo, kwa hiyo usipime kwa macho ya juu juu.

Vinalika?

Vinalika, menya ganda nene kidogo. Kuvifanya mbegu hapana! Utakuwa umebeba jike na mayai yake umempeleka shamba jipya kwa mkono wako.

Nikipanda mahindi msimu mmoja shamba litasafika?

Inategemea una spishi gani ya minyoo fundo. Meloidogyne hapla hazaliani kwenye jamii ya nyasi, mahindi na ngano zitamnyima chakula vizuri tu. Lakini chitwoodi anakula mahindi na ngano bila shida, na Meloidogyne incognita naye mahindi mengi anayapenda, hapo utakuwa umewapikia. Na magugu usiyaache, mengi wanaishi humo.

Ukiweza peleka udongo maabara. Usipoweza, jaza udongo wa shamba kwenye kopo, panda mche wa nyanya, subiri wiki 6 hadi 8, ung'oe taratibu uoshe mizizi, ukiona mafundo unao. Haitakuambia ni spishi gani ila utajua wapo. Angalizo, usitumie nyanya yenye herufi N kwenye pakiti (VFN na wenzake), hiyo N ni ukinzani wa minyoo fundo, mizizi itatoka safi uende ukapande viazi kwa raha zako. Mie nimewahi kufanya kosa hilo hilo, nikashangilia mizizi mieupe kumbe nimejidanganya.

Aina inayokomaa mapema inasaidia?

Inasaidia ndiyo. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hivi mpaka 28 kizazi kimoja cha minyoo kinachukua kama wiki 3 au 4, na viazi vinaharibika zaidi na vizazi vya baadaye, kwa hiyo ukiwahi kung'oa unakwepa kizazi kimoja au viwili. Ila vikishakomaa usiviache ardhini eti unasubiri bei, na usiviweke stoo yenye joto, wale waliomo ndani wanaendelea kukua humo humo.