Kambi ya kiangazi ya watoto wa Kipalestina: nilienda kumshusha mtoto nikaishia jikoni

Mleta mada salama? Umeuliza kama binti yako wa miaka 8 anaweza kwenda kambi ya kiangazi ya Wapalestina ambayo jirani yako amekuambia, wakati nyie si Wapalestina, Kiarabu hamjui, na unaogopa isije ikawa siasa tupu au madrasa iliyobadilishwa jina. Naona waliojibu juu huko wengi ni wa "nimesikia" na "inasemekana". Mimi nipo Paterson, New Jersey, huku Marekani, mwaka wa kumi na moja huu, wangu wawili wameenda kiangazi tatu mfululizo, na mimi mwenyewe ile siku ya kwanza nilienda kumshusha mtoto tu, kufika saa sita nipo jikoni nakata bilinganya. Itakuwa ndefu, nivumilieni.

Kwa wasiopajua, upande wa South Paterson watu wanapaita Little Ramallah, yaani Ramallah ndogo, kama ule mji wa Palestina, na mwaka 2022 kipande cha Main Street kikapewa kabisa jina la Palestine Way. Mimi mtu wa Tanga, nilivyopita pale mara ya kwanza ile harufu ya kahawa yenye iliki na mkate wa moto nilisimama barabarani kama mjinga.

Sasa kambi yenyewe usifikirie mahema na kuni. Ni ukumbi wa jamii na uwanja nyuma yake, watoto wanaingia saa tatu asubuhi wanatoka saa tisa alasiri, Jumatatu mpaka Alhamisi, wiki tano. Watoto kama sitini, miaka 6 mpaka 13, walezi ni vijana wa sekondari na chuo, halafu kuna kina mama wa kujitolea, na juu ya wote kuna bibi mmoja ambaye bila yeye hakuna kambi. Kila mtu anamwita Sitti, ndiyo bibi kwa Kiarabu chao, na mimi nikawaambia kwetu nako kuna Siti, tena tulikuwa na Siti binti Saad aliyeimba Zanzibar nzima ikanyamaza, basi yule bibi tangu siku hiyo ananiita mimi "binti Saad". Sijui nani binti Saad mwenyewe ila nimekubali.

Lugha isikusumbue hata kidogo. Watoto wengi wamezaliwa hukuhuku, Kiingereza ndiyo wanachogombania, na nusu ya wazazi wanawaleta hapo kwa sababu Kiarabu kinawapotea, kama ambavyo Kiswahili kinawapotea wa kwetu tusijidanganye. Tena wako ataingia na mtaji. Wiki ya kwanza mwalimu anahesabu kwa Kiarabu akafika sitte, sab'a, mwanangu akapiga kelele "hiyo ni ya kwetu!" mwalimu akadhani mtoto ana utani, akaniita. Nikamwambia bwana si hizo tu, na tisa, na ishirini, na kalamu, daftari, sahani, sukari, sabuni, zeituni, tini. Wakanipa kazi palepale: kila Jumatano nusu saa watoto wanawinda maneno, upande mmoja wa ubao Kiarabu upande wa pili Kiswahili, ukipata pacha unapata pipi. Tulimaliza mfuko wa pipi siku mbili.

Ila kilichonishinda nguvu ni siku ya hadithi. Wapalestina wana sanaa yao ya kina mama kusimulia, wanaiita hikaye, zamani jioni za baridi wanakaa ndani bibi anasimulia na watoto wanaitikia. Sitti akaanza zake, kan ya ma kan, ndiyo hapo zamani za kale yao, na mimi nikaombwa moja ya kwetu. Nikaanza na paukwa, wakafundishwa kujibu pakawa, nikawapa ile ya Abunuwasi kaazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema sufuria yako imezaa, jirani akafurahi akapokea, mara ya pili kaazima tena hairudishi, anaulizwa anasema pole sana, imekufa. Sijafika hata kwenye "imekufa", watoto nusu ya ukumbi wamesimama: "Huyo ni Juha! Huyo ni Juha!" Kumbe wao hadithi ileile wanayo, jirani yuleyule, sufuria ileile, mtu tu ndiye kabadilika jina. Tukabishana vizuri sana pale nani kaiba kwa nani. Sitti akaamua kwamba sufuria ilizaa mara mbili, moja ikaenda kwao moja ikaja kwetu. Mpaka leo nikipita Main Street kuna vitoto vinaniita "Abunuwasi" badala ya shikamoo.

Dabke, ngoma yao ya kucheza kwa pamoja, ndiyo atakayoipenda binti yako, jiandae sakafu yako ya juu jirani wa chini atalalamika. Mnashikana mikono mstari mmoja, mguu wa kushoto unavuka, unaruka, unapiga chini, na wa mbele anazungusha leso au kamba ya shanga anaongoza. UNESCO wameiweka kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2023. Wazee wanasema asili yake ni paa za udongo, kijiji kilikuwa kinakusanyika kulikanyaga paa la mwenzao lishindilike kabla ya mvua, na ule wimbo wa dal'ona wanasema umetoka kwenye neno la kusaidiana, 'awneh. Nikasema subiri, hiyo si ndiyo auni, Mungu akuauni? Na kulikanyaga paa la mtu kwa pamoja si ndiyo msaragambo wetu wa Tanga? Mimi sina mwili wa dabke lakini nilicheza, goti likanidai siku tatu.

Kuna tatreez pia, kudarizi kwa misalaba midogomidogo, kuanzia miaka 8 wanapewa kitambaa chenye matundu na sindano butu. Sitti anawafundisha kwamba zamani ukiliona gauni la mwanamke, thobe, unajua katoka upande gani, Ramallah nyekundu juu ya nyeupe, kwingine vingine. Wangu wa kiume alikataa kwamba ni kazi ya wanawake, nikamkumbusha kofia ya babu yake imeshonwa na mkono wa nani, babu mwenyewe! Akakaa akashona mti wa msanduku, umeegemea kama una kizunguzungu lakini upo kwenye friji yangu.

Michezo sasa. Sab' hjar ni mawe saba mnayapanga, timu moja inayabomoa kwa mpira halafu inakimbia kuyapanga tena huku wengine wanawapiga na mpira, yaani ukiijua rede ya kujaza mchanga kwenye chupa huhitaji maelezo. Gololi wao wanaita gulul. Binti yangu alidhani wanamwigiza lafudhi akanuna asubuhi nzima.

Chakula ndiko nilikojifunza kwa machungu kwa hiyo hapa nisikilize. Asubuhi mkate wa za'atar, viungo vyao vya majani makavu, na mafuta ya zeituni, mchana kuna siku ya maqluba, wali na bilinganya na kuku vimepangwa kwenye sufuria halafu inapinduliwa kwenye sinia mbele ya watoto, maana ya jina ni hiyohiyo, iliyopinduliwa. Wanapiga meza kama ngoma wakati inapinduliwa, ikitoka imesimama kama keki ni shangwe, ikibomoka mpishi anazomewa (nimezomewa). Sasa mwaka wa pili mtoto mmoja akala mkate wa asubuhi, dakika kumi kavimba midomo, vipele mwili mzima. Mama yake alikuwa ameandika kwenye fomu, ufuta hapana. Fomu ipo ofisini. Jikoni hakuna aliyeiona, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa jikoni, na nilijua za'atar ina ufuta, haikunijia kichwani kuuliza. Alikuwa na sindano yake ya dharura kwenye begi, alichomwa, gari la wagonjwa likaja, alirudi salama kesho yake anaringa na bendeji. Lakini mimi sikulala. Za'atar ina ufuta, tahini ni ufuta, hummus, ile rojo yao ya dengu, ina tahini, halva yao vilevile. Hapa Marekani tangu 2023 ufuta ni lazima uandikwe kwenye pakiti kama karanga, ila mkate uliookwa na mama wa mtu nyumbani hauna pakiti. Kwa hiyo binti yako akiwa na mzio wa kitu chochote usiishie kwenye fomu, nenda jikoni, mtazame mpishi usoni mwambie. Siku hizi tunabandika majina ukutani juu ya jiko.

Tuje kwenye hofu yako, dini na siasa. Dini: pale kuna Waislamu na Wakristo. Sisi kwetu ukisema Mpalestina watu wanawaza Mwislamu moja kwa moja, nenda kaulize miji yao ya Bethlehemu na Beit Sahour na Ramallah makanisa yana umri gani. Adhuhuri ikifika anayesali anaenda chumba cha pembeni, wengine wanaendelea kuchora. Basi.

Siasa, sitakudanganya. Bendera ipo, tikiti maji limechorwa kila mahali kwa sababu rangi zake ni za bendera, na mwaka mmoja alikuja mgeni mtu mzima akawahutubia watoto dakika arobaini na tano kuhusu maazimio ya Umoja wa Mataifa, watoto wa miaka saba walilala kwenye sakafu kama samaki mnadani. Hakuitwa tena. Kwa hotuba hawajifunzi kitu wale. Ila kitu chenyewe kinaingia kwa mlango mwingine. Kwa mfano kuna ukuta wa ramani, kila mtoto anaenda kuuliza nyumbani babu na bibi walitoka wapi, anakuja anabandika jina. Mmoja Turmus Ayya, mji mdogo karibu na Ramallah, anaenda kila likizo, anakuambia mpaka duka la pipi liko wapi. Mwingine Lifta, kijiji pembeni ya Jerusalem, watu waliondoka 1948, nyumba za mawe baadhi zimesimama mpaka leo hazina mtu. Mwaka ule zaidi ya watu laki saba waliondoka au walifukuzwa, na vijiji zaidi ya mia nne vikaisha, lakini mtoto hapewi hiyo namba, anapewa picha ya mlango wa nyumba ya babu wa mwenzake. Sitti akawaonyesha picha ya dungusi kakati, ile mimea ya miiba, imejipanga mstari porini, akasema ukiona ua wa namna hii hapakuwa pori, palikuwa na watu, maana dungusi kakati huchipua tena hata nyumba zikibomolewa. Kwa Kiarabu unaitwa sabr, na sabr ni subira pia. Nikawaambia kwetu kuna shubiri, chungu kuliko dawa zote, na subira tunayo, naona maneno yamesafiri na uchungu wake.

Mwanangu akaniuliza usiku, sisi tubandike nini. Nikasema sisi si Wapalestina. Kesho yake naenda kumchukua naona chini kabisa ya ramani, nje ya karatasi, kimebandikwa kikaratasi: PANGANI. Mwalimu kamwachia.

Na siku ya tiara. Huko Gaza zamani UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, walikuwa na michezo ya kiangazi, mwaka 2011 watoto walirusha tiara zaidi ya 12,000 kwa pamoja ufukweni wakaweka rekodi ya dunia, kwa hiyo na kambini kwetu lazima kuwe na siku ya tiara. Kiangazi cha 2024 kulikuwa na mtoto wa kike, miaka tisa, ana ndugu huko. Alitengeneza tiara yake na mkia mrefu kuliko wote, kila fundo la mkia kaandika jina. Mkia ukawa mzito, tiara haipandi. Walezi wanamwambia punguza mafundo mawili matatu, hataki. Wakakimbia naye uwanja mzima, haipandi. Mwisho kaka mmoja wa chuo akaleta tiara kubwa ya plastiki ya dukani, wakaufunga ule mkia kwake, ikapanda. Hakuna mtu aliyesema neno, na watoto wengine wala hawakujua, walikuwa wanagombania juisi. Kama hiyo ndiyo siasa unayoiogopa basi ipo, na wako ataiona, na atakuuliza usiku maswali ambayo huna jibu lake. Mimi hujibu "sijui mama" halafu tunalala.

Ya vitendo: fomu huku kwetu hutoka mwezi wa tano na nafasi huisha haraka, ada tulilipa dola 90 kwa wiki mwaka jana na mtoto wa pili punguzo, na ukisema huwezi wanaongea na wewe taratibu bila kukuaibisha. Mpe chupa ya maji yenye jina, kofia, na raba za kufunga kamba, mwaka wa kwanza wangu alienda na kandambili, kwenye dabke moja ikaruka ikatua kwenye sinia la hummus. Na siku ya mwisho wazazi wote wanaleta chakula, usilete soda kama wale wazazi wengine, peleka maandazi ya iliki mengi. Mengi kweli, maana Sitti anayaweka ya kwake kwanza kwenye mkoba.