Maswali yasigeuke ugomvi

Swali: Idara yetu huandaa mihadhara ya hadhara kuhusu imani, fasihi na utamaduni. Mbona kipindi cha maswali huishia kwenye mabishano ya dini?

Jibu: Mara nyingi kosa hutangulia maswali: mhadhiri amechambua shairi ambalo ukumbi haukuliona. Chapeni beti mbili tatu kwa herufi kubwa, kila mshororo na namba yake, mgawe mlangoni. Hapo msikilizaji atauliza kuhusu neno la mshororo wa 6, hatashambulia imani ya jirani yake.

Dakika 45 za mhadhara zinatosha. Acheni 30 za maswali. Kipaza sauti kishikwe na msaidizi, maana kikiachiwa muulizaji, swali huwa hotuba. Na tafadhali, profesa asiulize wa kwanza: wanafunzi hunyamaza.